Kusoma hesabu za kampuni kabla ya kuiuzia kwa mkopo: nianzie wapi?

daftari_jipya

Habari zenu wadau. Najifunza kuchambua taarifa za fedha za makampuni, na sasa kuna uamuzi mezani. Kampuni ya usambazaji inaomba kuuziwa bidhaa za elfu 40 kila mwezi kwa mkopo wa siku 60. Imeleta hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi ametoa hati safi. Kukokotoa uwiano naweza. Shida yangu ni kwamba nikishaipata namba sijui inaniambia nini.

Kwa juu juu naona mazuri: mauzo yamepanda asilimia 25, faida imepanda, na mali za muda mfupi ukizigawa kwa madeni ya muda mfupi unapata 1.69. Nimefundishwa kwamba ukivuka 1.5 hapo uko salama. Nakosea wapi?

Namba hizi hapa, zote kwa maelfu. Ya kwanza ni ya mwaka uliopita, ya pili ya mwaka huu.

Mauzo: 4,000 / 5,000
Gharama za mauzo: 2,800 / 3,650
Faida ghafi: 1,200 / 1,350
Gharama za uendeshaji: 700 / 770
Uchakavu: 100 / 110
Faida ya uendeshaji: 400 / 470
Riba: 60 / 120
Faida kabla ya kodi: 340 / 350
Kodi: 102 / 105
Faida halisi: 238 / 245

Mali za kudumu: 1,000 / 1,100
Bidhaa ghalani: 560 / 900
Wadaiwa (wanaodaiwa na kampuni, hasa wateja ambao bado hawajalipa): 600 / 1,050
Fedha taslimu: 150 / 40
Jumla ya mali: 2,310 / 3,090

Wadai (wauzaji ambao kampuni bado haijawalipa): 420 / 580
Ovadrafti (pesa iliyotolewa benki kupita salio): 150 / 600
Mkopo wa muda mrefu: 540 / 515
Mtaji wa wanahisa: 1,200 / 1,395

Gawio lililolipwa mwaka huu ni 50. Taarifa ya mtiririko wa fedha ipo, ila sijaielewa, ndiyo maana sikuiweka.

KalamuNyekundu

Mkuu, hiyo uliyoiacha ndiyo ya kuanza nayo. Wewe unataka kujua jambo moja tu: siku ya 60 ikifika, kutakuwa na pesa ya kukulipa? Faida haijibu swali hilo, kwa sababu mauzo huandikwa siku bidhaa inapokabidhiwa, hata kama mteja atalipa baada ya miezi mitatu au hatalipa kabisa.

Kabla ya kusoma taarifa yao ya mtiririko, itengeneze mwenyewe kutoka kwenye mizania mbili, yaani orodha za mali na madeni za mwisho wa kila mwaka. Ni kazi ya dakika kumi, na ukiizoea utaona hesabu zikifunguka. Anza na faida halisi, 245. Rudisha uchakavu, 110, kwa kuwa ni gharama isiyotoa pesa mwaka huu. Umefika 355. Sasa tazama pesa ilivyofungiwa ndani ya biashara: bidhaa ghalani zimeongezeka 340, toa. Wadaiwa wameongezeka 450, toa. Wadai wameongezeka 160, jumlisha, maana hiyo ni pesa ambayo kampuni bado haijaitoa.

355 − 340 − 450 + 160 = −275.

Kampuni yenye faida ya 245 imetumia 275 zaidi ya ilizoingiza katika shughuli zake za kila siku. Endelea: mali za kudumu zimetoka 1,000 hadi 1,100 ingawa uchakavu umekula 110, kwa hiyo zimenunuliwa mpya za 210. Gawio 50. Mkopo wa muda mrefu umelipwa 25. Ovadrafti imeongezeka 450. Ukijumlisha yote unapata −110, na fedha taslimu kweli zimeshuka kutoka 150 hadi 40. Hesabu imefunga. Isipofunga, usisonge mbele; kuna kitu hujakiona, mara nyingi ni mali iliyouzwa, hisa mpya zilizotolewa, au mali zilizothaminishwa upya.

Kuhusu hiyo 1.69: mwaka uliopita ilikuwa 2.30. Mwelekeo una uzito kuliko kiwango. Halafu angalia iliyomo ndani yake. Ukitoa bidhaa ghalani unabaki na 1,090 dhidi ya madeni 1,180, yaani 0.92, wakati mwaka uliopita ilikuwa 1.32. Kampuni ambayo bidhaa zake haziuziki na wateja wake hawalipi huonekana nzuri sana kwenye uwiano huu, kwa sababu kila kilichokwama kinahesabiwa kuwa mali ya muda mfupi.

Sasa zigeuze hizo namba kuwa siku. Wadaiwa: 1,050 ÷ 5,000 × 365 = siku 77, kutoka 55. Bidhaa ghalani: 900 ÷ 3,650 × 365 = siku 90, kutoka 73. Zingatia kwamba wadaiwa wanagawiwa kwa mauzo, na bidhaa kwa gharama za mauzo. Ukigawa bidhaa kwa mauzo utapata siku chache zisizo za kweli, kwa kuwa mauzo yana faida ndani yake na bidhaa zilizo ghalani hazina.

Mauzo yamekua asilimia 25, wadaiwa 75, bidhaa 61. Vitu hivi vitatu vikikimbia kwa kasi tofauti kiasi hiki, uliza sababu kabla ya kusifu ukuaji.

mhasibu_wa_zamu

Nakubaliana na KalamuNyekundu. Naongeza mambo mawili.

La kwanza ni siku za kuwalipa wauzaji. Wengi watachukua wadai 580, wagawe kwa gharama za mauzo 3,650, wapate siku 58, kisha waseme kampuni inachelewesha malipo kidogo. Lakini wadai wanatokana na manunuzi. Manunuzi ya mwaka huu ni gharama za mauzo pamoja na ongezeko la bidhaa ghalani: 3,650 + 340 = 3,990. Sasa 580 ÷ 3,990 × 365 ni siku 53. Kwa hiyo wauzaji bado wanalipwa kwa wakati unaoeleweka, na anayebeba mzigo wa ukuaji huu ni benki. Kumbuka hilo, kwa sababu ovadrafti benki inaweza kuidai wakati wowote ikitaka. Siku itakapobana, foleni ya wauzaji ndiyo itakayorefuka, na wewe utakuwa ndani yake.

La pili ni riba, mahali ambapo watu wengi hupita bila kusimama. Mwaka uliopita riba ilikuwa 60 juu ya mikopo ya 690, kama asilimia 8.7. Mwaka huu ni 120. Wastani wa mikopo ya mwanzo na mwisho wa mwaka ni (690 + 1,115) ÷ 2 = 902.5, kwa hiyo riba imekuwa asilimia 13.3. Kuna maelezo mawili tu yenye mantiki. Ama benki imepandisha riba, jambo linalosema namna inavyoutazama mkopo huu, ama katikati ya mwaka deni lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana siku ya mizania. Kwa kiwango kile kile cha 8.7, riba ya 120 inahitaji mkopo wa wastani wa karibu 1,380.

Mizania ni picha ya siku moja. Kampuni inaweza kuwabana wateja wiki ya mwisho, ikaahirisha malipo kwa wauzaji, ikapunguza ovadrafti, picha ikapigwa, kisha deni likarudi juu. Riba inahesabiwa kila siku, kwa hiyo inakuambia picha ya mwaka mzima. Viwango vya riba vimeandikwa kwenye maelezo ya hesabu, sehemu ya mikopo. Kavitafute.

daftari_jipya

Asanteni sana. Nimerudi kwenye taarifa yao ya mtiririko wa fedha: shughuli za uendeshaji zinaonyesha −155, ninyi mmepata −275. Nani amekosea?

Nimesoma pia maelezo ya hesabu kama mlivyoelekeza. Niliyoyaona: (1) ndani ya wadaiwa 1,050 kuna 180 iliyokopeshwa kampuni ya mmoja wa wakurugenzi, haina riba, na mwaka uliopita haikuwepo, (2) tengo la madeni yenye shaka, yaani kiasi kilichotengwa kwa madeni yanayoweza yasilipwe, ni 30 miaka yote miwili, na wadaiwa wameonyeshwa baada ya kulitoa, (3) mteja mmoja anadaiwa asilimia 38 ya deni la wateja, (4) riba ya ovadrafti haikubadilika, (5) ovadrafti imewekewa dhamana ya bidhaa zote na wadaiwa wote, na inahuishwa kila mwaka, (6) mkopo wa muda mrefu una dhamana ya mali za kudumu.

KalamuNyekundu

Hakuna aliyekosea. Tofauti kati ya −155 na −275 ni 120, na 120 ni riba yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 7, kimekuwa kikiruhusu riba iliyolipwa iwekwe kwenye uendeshaji au kwenye ugharamiaji (sehemu ya pesa za mikopo na za wanahisa), na kampuni hii imechagua ugharamiaji. Kuanzia miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027, kiwango kipya, IFRS 18, kinazitaka kampuni nyingi zisizo za kibenki ziiweke kwenye ugharamiaji, kwa hiyo utakutana na jambo hili mara nyingi zaidi. Ukilinganisha kampuni mbili, hakikisha riba umeiweka mahali pamoja kwa zote. Kwa uamuzi wa kukopesha mimi huihesabu kama malipo ya uendeshaji, kwa sababu benki hulipwa kabla yako.

Sasa hiyo namba (1) inabadilisha picha yote, na umefanya vizuri kuiona. Mkopo kwa kampuni ya mkurugenzi hautokani na mauzo. Uondoe kwa wadaiwa, unabaki na 870: siku 64, wala si 77. Kwa hiyo ukusanyaji wa madeni haujaharibika kiasi nilichosema. Ongezeko la deni la wateja ni 270, na mtiririko wa uendeshaji, riba ikiwa imeshakatwa, unakuwa −275 + 180 = −95.

Upande mzuri unaishia hapo. Panga upya pesa ilikokwenda: uendeshaji umekula 95, mali za kudumu 210, mkurugenzi 180, gawio 50. Jumla 535. Zimetoka wapi? Ovadrafti 450 ukitoa 25 za mkopo uliolipwa, pamoja na fedha taslimu zilizopungua 110. Ni 535 kamili. Kampuni imekopa benki kwa riba na kumkopesha mkurugenzi wake bila riba, mwaka ule ule ambao uendeshaji haukuleta senti.

Ukiitoa 180 kwenye mali za muda mfupi, ile 1.69 yako inakuwa 1.53. Bila bidhaa ghalani ni 0.77. Na mtaji wa wanahisa ambao naweza kuuamini ni 1,395 − 180 = 1,215. Huwa napunguza mikopo ya wakurugenzi kwenye mtaji kila mara, mpaka nione mkataba wenye tarehe ya kurejesha na malipo yaliyokwisha kufanyika.

mhasibu_wa_zamu

Namba (4) nayo ni muhimu. Riba ya ovadrafti haijapanda, na mkopo wa muda mrefu umepungua, kwa hiyo yale maelezo ya pili yanapata nguvu: deni la katikati ya mwaka lilikuwa kubwa kuliko 1,115. Omba taarifa za benki za miezi 12. Usiishie kuangalia salio la mwisho wa mwezi. Tafuta siku ambayo ovadrafti ilikuwa juu kabisa na uilinganishe na kikomo ilichopewa. Kampuni inayogusa kikomo chake kila mwezi haina nafasi ya kumsubiri mteja mkubwa anayechelewa, na hapa mmoja ameshika asilimia 38.

Tengo, namba (2). Mwaka uliopita wadaiwa kabla ya tengo walikuwa 630, na tengo la 30 ni asilimia 4.8. Mwaka huu wateja peke yao ni 870 + 30 = 900, tengo lile lile 30 ni asilimia 3.3. Deni limeongezeka, wateja wanachelewa zaidi, lakini tengo halijasogea. Kwa kiwango cha mwaka uliopita lingekuwa 43. Upungufu ni 13, na 13 hiyo imo ndani ya faida. Inaonekana ndogo. Subiri uione mahali pake.

Chukua tofauti ya miaka miwili, mstari kwa mstari, kana kwamba ni kampuni ndogo inayojitegemea. Mauzo ya ziada: 1,000. Faida ghafi ya ziada: 150. Maana yake mauzo haya mapya yana faida ghafi ya asilimia 15, wakati ya zamani yalikuwa na 30. Bila shaka wameuza kwa kupunguza bei, au kwa wateja wagumu, au gharama za ununuzi zimepanda wasithubutu kupandisha bei. Toa gharama za uendeshaji za ziada 70, uchakavu wa ziada 10, riba ya ziada 60. Inabaki 10 kabla ya kodi.

Mauzo ya 1,000 yameleta faida ya 10. Ili kuyapata, bidhaa 340 na deni la wateja 270 vimeongezeka, wauzaji wamechangia 160, kwa hiyo 450 za kampuni zimefungwa humo. Kisha lirekebishe tengo kwa 13: faida ya ukuaji wote imefutika na kuvuka chini ya sifuri.

Ndiyo sababu nasisitiza watu wachambue tofauti, wasiishie kwenye jumla. Jumla inaonyesha faida ghafi ikishuka kutoka asilimia 30 hadi 27, na msomaji anasema ni pointi tatu tu. Tofauti inaonyesha biashara mpya iliyo nusu ya ubora wa ile ya zamani.

mizani_ya_mdai

Wenzangu wameichambua kampuni vizuri. Mimi nitazungumzia mahali pa kusimama kwa anayeuza kwa mkopo, maana hesabu zile zile humwambia mwanahisa jambo moja na mdai jambo jingine. Mwanahisa anaweza kuvumilia mwaka mbaya akisubiri mitatu mizuri. Wewe ukishindwa kulipwa mara moja, umeshindwa. Faida ikiongezeka maradufu, wewe unapata asilimia 100 ya ankara yako, basi. Kwa hiyo soma kutoka chini kwenda juu: kwanza nani analipwa kabla yangu, kisha nini kitabaki.

Fanya jaribio la ufilisi. Bei za mizania hazitapatikana siku ya kuuza kwa haraka, kwa hiyo zipunguze. Hivi viwango ni makadirio yangu ya tahadhari, wewe weka vyako kulingana na aina ya bidhaa: deni la wateja asilimia 60 ya 870 ni 522, bidhaa ghalani asilimia 30 ya 900 ni 270, mali za kudumu asilimia 40 ya 1,100 ni 440, taslimu 40, mkurugenzi sifuri. Jumla 1,272. Benki zenye dhamana zinadai 1,115; kwa tahadhari tuchukulie zinalipwa zote kwanza. Inabaki 157 kwa wadai wanaodai 580, yaani kama 27 katika kila 100, na hapo bado gharama za mfilisi, na mara nyingi mishahara na kodi, vitu ambavyo sheria za nchi nyingi huvitanguliza. Namba (5) na (6) ulizoziona zinamaanisha hivyo tu: karibu kila kitu chenye thamani kina mwenyewe.

Halafu pima hasara yako kwa mizani ya faida yako. Bidhaa za 40 kwa mwezi kwa siku 60 ni deni la 80 ikiwa analipa siku yenyewe. Akichelewa siku 20 na wewe ukiendelea kupeleka, ni 40 ÷ 30 × 80 = 107. Tuseme faida yako ghafi ni asilimia 20. Gharama yako iliyomo humo ni kama 86, na ili kuirudisha kwa faida ya asilimia 20 unahitaji mauzo ya karibu 430: takriban miezi 11 ya kumuuzia mteja wa namna hiyo, naye akilipa yote.

Kwa hiyo jibu langu si ndiyo wala hapana. Siku 60 mara moja, hapana. Ningempa siku 30, na ankara ikipitisha siku 15 bila kulipwa mzigo unasimama wenyewe bila mjadala. Hapo deni la juu ni 40 ÷ 30 × 45 = 60. Kikomo kiandikwe kwenye mfumo wa ankara, kisiachwe kwenye kumbukumbu ya mtu wa mauzo, kwa sababu yeye hulipwa kwa kuuza. Mkataba uwe na kifungu kwamba bidhaa ni mali ya muuzaji hadi zilipwe, lakini muulize mwanasheria kama kifungu hicho kina nguvu dhidi ya dhamana ya benki katika nchi yenu. Katika baadhi ya nchi kifungu cha namna hiyo huhitaji kusajiliwa, na bidhaa zikishauzwa kwa mtu wa tatu kifungu hubaki maandishi tu. Dhamana binafsi ya mkurugenzi aliyechukua 180 ni ombi la haki kabisa hapa.

nukta_mbili

Samahani kwa kuingilia. Kuna ile fomula ya Altman ya kutabiri kufilisika, kwa nini msiitumie tu badala ya hesabu zote hizi? Na je, mtiririko wa fedha hauwezi kuchezewa? Nasikia watu wakisema pesa haidanganyi.

KalamuNyekundu

Fomula hiyo Altman aliitoa mwaka 1968 kwa kutumia kampuni za viwanda zilizokuwa na hisa sokoni. Inahitaji thamani ya soko ya hisa, na mipaka yake, chini ya 1.81 ni hatari na juu ya 2.99 ni salama, ilitokana na kampuni za aina hiyo. Kampuni ya usambazaji isiyo na hisa sokoni hupata alama za juu kwa sababu tu mauzo yake ni makubwa kulinganisha na mali, bila kujali yanalipwa lini. Zipo fomula zilizorekebishwa kwa kampuni binafsi, lakini hakuna iliyo na kipengele cha kumgundua mkurugenzi aliyekopeshwa 180. Hilo hupatikana kwa kusoma maelezo ya hesabu peke yake.

Kuhusu swali la pili: mtiririko wa uendeshaji unachezewa vizuri sana. WorldCom, kampuni ya mawasiliano ya Marekani, mwaka 2002 ilikiri kwamba dola bilioni 3.8 za gharama za kawaida, malipo ya kutumia laini za mawasiliano za kampuni nyingine, zilikuwa zimeandikwa kama mali za kudumu. Tazama linalotokea hapo: faida inapanda kwa kuwa gharama imekuwa mali, na mtiririko wa uendeshaji nao unapanda kwa kuwa malipo yamehamia kwenye uwekezaji. Aliyetazama hizo mbili peke yake alidanganywa mara mbili. Aliyetoa manunuzi ya mali za kudumu kwenye mtiririko wa uendeshaji hakudanganyika na hesabu hiyo, maana pesa iliyotoka ni ile ile popote ilipoandikwa. Kwa hiyo tumia uendeshaji ukitoa manunuzi ya mali. Kwa kampuni yetu hii: −95 − 210 = −305.

Kwa mantiki hiyo hiyo, daftari_jipya, ulizia zile 210 zilinunua nini. Ni karibu mara mbili ya uchakavu. Kama ni magari na ghala jipya, sawa, ankara zipo. Kama ni matengenezo yaliyoandikwa kuwa mali, faida itapungua tena.

Hata salio la benki si la kuaminiwa bila uthibitisho. Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilianguka Juni 2020 baada ya euro bilioni 1.9 zilizosemwa ziko benki kutopatikana. Kampuni ikionyesha taslimu nyingi, linganisha na riba inayoingizwa na hiyo taslimu, na jiulize kwa nini inakopa wakati ina pesa.

daftari_jipya

Nimeelewa mengi. La mwisho: kampuni imekubali kukutana nasi wiki ijayo. Niulize nini, na nijue vipi kama jibu ni la kweli?

mhasibu_wa_zamu

Uliza yale yenye karatasi nyuma yake. Omba orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni: siku 0–30, 31–60, 61–90, zaidi ya 90. Jumla yake lazima ilingane na mizania. Kama deni la zaidi ya siku 90 limepita 30, huenda tengo lao halitoshi. Omba orodha kama hiyo ya wadai pia, nayo watu huisahau: itakuonyesha kama siku 53 ni wastani wa wote au kuna wachache wanaolipwa haraka na wengine wanaosubiri siku 120.

Omba hesabu za miezi iliyopita tangu mizania, hata kama hazijakaguliwa. Mizania ya miezi tisa iliyopita haikuambii kama ovadrafti ilihuishwa. Na omba barua ya benki yenye kikomo, tarehe ya kuhuisha, na masharti ya mkopo. Mengi ya masharti hayo hudai riba ifunikwe na faida ya uendeshaji mara kadhaa. Hapa imeshuka kutoka mara 6.7 hadi 3.9. Faida ghafi ikishuka pointi mbili tena, hadi asilimia 25, faida ya uendeshaji inakuwa 370 na riba inafunikwa mara 3.1. Kama sharti la benki ni mara 3, wamekaribia mno.

Muulize mkurugenzi kuhusu 180: imetumika wapi, itarudi lini. Kisha kaa kimya usikilize. Anayejibu kwa tarehe na hati yuko tofauti na anayejibu kwamba ni mambo ya ndani.

mizani_ya_mdai

Na muulize meneja wa mauzo, mkurugenzi akiwa hayupo kama inawezekana, kwa nini bidhaa zinakaa siku 90. Kama ni bidhaa mpya zilizoagizwa kwa msimu ujao, mwezi wa pili baada ya mizania utaonyesha zimetoka. Omba kuona ghala na usomee tarehe zilizo kwenye maboksi ya nyuma, yale ya mbele hupangwa kwa ajili ya wageni.

Wakikataa siku 30 na kusisitiza 60, jiulize wanazihitaji za nini, wakati wauzaji wengine wanalipwa kwa wastani wa siku 53.